Namba za kusoma kabla ya kukokota boti kutoka Dar hadi Ziwa Nyasa

Wateja wanaochukua boti za faiba hapa Kunduchi wana swali moja: "Kaka, gari langu Land Cruiser, litashindwaje na kaboti ka futi ishirini?" Halishindwi. Kuvuta tu, hata Noah itavuta, mpaka barabara ianze kuteremka. Ila kati ya gari na boti kuna vyuma vingine, kila kimoja na namba yake, na safari nzima inatawaliwa na namba iliyo ndogo kuliko zote. Gari likiwa la tani tatu na nusu, gololi, yaani ile tufe ya chuma inayokaliwa na kikombe cha trela, ya tani mbili, na chuma cha kukokotea kilichofungwa chini ya bampa ni cha tani moja na nusu, basi wewe una tani moja na nusu. Hizo nyingine ni za kusimulia kijiweni.

Nichukue njia ninayoijua: Dar hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Hilux ya milango minne, boti ya futi 20.

Kwanza uzito. Muuzaji kasema kilo 750, wala hakudanganya, ila kataja faiba tupu. Andika kwenye karatasi: faiba 750. Mashine ya farasi 115 ya stroku nne, 175. Petroli lita 150; lita moja ina gramu kama 740, kwa hiyo weka kilo 110. Betri mbili, 45. Nanga, mnyororo na kamba, 30. Makoti okozi, makasia na sanduku la spana, 60. Trela lenyewe, maana watu hulisahau kila mara, 480. Jumla kilo 1,650. Boti ya 750 imeshazidi mara mbili, na bado hujatupia magunia ya mchele wa Kyela wakati wa kurudi. Kama boti ni kuukuu, povu gumu (foam) lililo chini ya sakafu huwa limekunywa maji ya miaka, na hayo hayaonekani kwa macho. Dawa ni mizani. Wanunuzi wa vyuma chakavu wengi wanayo, utalipa kidogo wakupimie. Pima trela likiwa limefunguliwa kwenye gari, halafu lipime limefungwa, magurudumu ya trela peke yake yakiwa juu ya mizani. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzito unaokaa shingoni, juu ya gololi. Uhifadhi, tutaurudia.

Sasa inama nyuma ya gari usome kibati cha kile chuma. Hapa ndipo watu wanaponaswa, kwa sababu magari na vyuma vyetu vinatoka kila pembe ya dunia. Chuma cha Marekani kinaandikwa kwa pauni. Daraja la kwanza ni pauni 2,000, yaani kilo 907. La pili ni pauni 3,500, ambazo ni kilo 1,588. Nimeona zaidi ya mtu mmoja akisoma hiyo 3,500 kama kilo na kutembea kifua mbele. Boti yetu ya 1,650 imeshapita daraja la pili! Unatakiwa daraja la tatu, linaloanzia pauni 5,000, sawa na kilo 2,268. Tena vyuma vya daraja hilo mara nyingi vina mistari miwili ya namba, mmoja mkubwa kuliko mwingine. Ule mkubwa ni kwa wanaofunga zile fito maalumu za kugawa uzito hadi ekseli ya mbele. Huna fito hizo, soma mdogo.

Chuma cha Ulaya hakina madaraja hayo. Kina herufi D na S. S ni rahisi: kilo zinazoruhusiwa kukandamiza gololi. D iko kwa kilonewtoni, kipimo cha nguvu, na inataka kalamu. Chukua uzito wa juu wa gari unaoruhusiwa, kwa tani, zidisha kwa uzito wa trela, zidisha kwa 9.81, kisha gawa kwa jumla ya uzito wa vyote viwili. Hilux ya tani 2.9 na trela letu la 1.65 inatoa 10.3. Kibati kikisema D 10.3 au zaidi, umepita. Kikisema 8, funga mjadala.

Na ambacho hakina kibati? Hicho ndicho tulicho nacho wengi: fundi kakata chaneli, kachomelea kwenye chesi, kapaka rangi nyeusi. Mimi siwadharau mafundi wetu, wapo wanaochomelea vizuri kuliko kiwandani. Shida ni kwamba hakuna aliyekipima, kwa hiyo hakina namba, na chuma kisicho na namba mimi sikipi kazi zaidi ya kitrela cha jenereta. Kilichochomelewa kwenye bampa badala ya chesi sikipi hata hiyo. Tanzania ina matuta na rasta kila kijiji; kila tuta linaipiga ile shingo ya trela nguvu inayozidi kwa mbali uzito uliousoma ukiwa umesimama.

Gololi nayo ina namba zake zimegongwa juu kabisa, ukubwa na mzigo. Ukubwa ndio wa kuogopa. Kuna ya milimita 50, kuna ya inchi mbili ambayo ni 50.8, na kuna ya inchi moja na saba ya nane, yaani 47.6. Kikombe cha trela cha inchi mbili kitakaa juu ya gololi ya 47.6 kama kofia ya mjomba kwa mtoto: kinafunga, kinalia "kwa!", na kwenye tuta la kwanza kinachomoka. Ukishafunga, zungusha lile gurudumu dogo la mbele la trela kana kwamba unainua shingo. Mgongo wa gari ukinyanyuka pamoja nayo, imeshika. Kisha pitisha minyororo miwili chini, imekatana msalaba.

Tuje kwenye gari lenyewe. Magari yaliyotoka Japani mengi kitabu chake hakitaji kukokota kabisa. Tafuta msimbo (code) wa chesi kwenye kibati cha ndani ya boneti, kisha tafuta gari lenye msimbo, injini na giaboksi hiyohiyo lililouzwa Australia au Afrika Kusini, usome walichoandikiwa wenzako. Utakuta namba mbili, ya trela lenye breki na ya lisilo na breki, na hiyo ya pili kwa magari mengi haipiti kilo 750. Trela letu lazima liwe na breki zake, hakuna ujanja. Ziwe zinafanya kazi kweli, kwa sababu trela la boti linazamishwa kwenye maji ya chumvi na breki hukauka kwa kutu haraka. Kumbuka pia kwamba kilo za shingoni zinahesabiwa kama mzigo wa gari, pamoja na watu watano na mabegi yao.

Shingoni tunataka kiasi gani? Kwa boti, mimi natafuta kati ya asilimia 7 na 10. Kwa kilo 1,650 ni kama 115 hadi 165, mradi isipite S ya chuma chako. Kama mizani iko mbali, tumia ile ya kupimia watu: weka ubao, upande mmoja juu ya tofali, mwingine juu ya mizani, shingo ikae katikati kabisa, kisha zidisha kwa mbili unachosoma. Ikiwa nyepesi, trela litaanza kucheza mkia ukifika 80. Likicheza, usikanyage breki kwa nguvu. Achia mafuta, nyoosha usukani, subiri litulie. Kutibu kabisa ni kusogeza boti mbele kwa kuhamisha nguzo ya winchi, au kurudisha ekseli nyuma. Kuhamishia nanga na mafuta mbele husaidia kidogo tu.

Tairi za trela soma namba ya ubavuni. 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. Trela la ekseli moja lenye tairi hizo linabeba 1,230, halitutoshi. La ekseli mbili, sawa.

Kitonga utapanda, na hapo adui ni joto: zima kiyoyozi, gia ndogo, jicho kwenye geji. Lakini mlima wa kuuheshimu uko mbele. Baada ya Uyole barabara inapanda milima ya Rungwe, kisha inaporomoka kupitia Tukuyu hadi Kyela. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, ziwa liko kama mita 475. Shika gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Kwenye otomatiki zima O/D (overdrive, ile gia ya juu kabisa). Ukisikia harufu ya breki ikiungua, umeshachelewa kidogo: tafuta pa kusimama, subiri zipoe, usizimwagie maji. Ukifika Matema vilevile usikimbilie kuzamisha trela. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikiwa ya moto na kuingia kwenye maji ya baridi, hunyonya maji ndani na beringi zinaanza kufa hapohapo. Kunywa chai kwanza.

Hesabu ikikataa, na kwa wengi wenye gari dogo itakataa, kodi Fuso, pakia boti juu na mikanda ya kutosha, kisha rudi na trela tupu nyuma ya gari lako. Hizo kilo 480 karibu gari lolote litazimudu.