Somo: Kuikabili hofu kabla ya kutolewa maji ya uti wa mgongo

Kwa miaka mingi kazi yangu wodini haikuwa kushika sindano bali kumshika mgonjwa. Daktari hukaa upande wa mgongo, nami husimama mbele, mkono mmoja nyuma ya magoti na mwingine begani, uso wangu ukiwa shubiri moja tu kutoka kwenye uso wa mtu anayeogopa. Kutoka hapo nimejifunza kwamba wanaoteseka zaidi si wale wanaochukia sindano, bali wale wanaofikishwa kitandani bila kuambiwa kitakachofanyika wala wao wenyewe watakachotakiwa kufanya. Somo hili ni kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuambiwa, iwe Muhimbili, Amana, Temeke au kwingineko hapa Dar es Salaam, kwamba anahitaji kutolewa maji ya uti wa mgongo, yaani kuchomwa sindano kiunoni ili maji yaliyo ndani ya uti yapimwe maabara, na tangu siku hiyo usingizi umemruka. Halichukui nafasi ya maelezo ya daktari wako, kwa kuwa yeye ndiye anayeujua ugonjwa wako.

Hatua ya kwanza: tenganisha hofu ya sindano na hofu ya maneno ya watu

Hofu ya sindano ni ya mwili, na muda wake ni mfupi. Hofu ya maneno ndiyo inayokesha nawe: kwamba aliyetobolewa mgongo ama hufa ama hupooza. Siwacheki wanaosema hivyo, maana wamesema walichokiona. Mgonjwa huanzia duka la dawa, akameza dawa za malaria, zikafuata za taifodi, pengine akapitishwa kwa mganga, na siku anapofikishwa hospitali amekwisha kupoteza fahamu. Anatolewa maji jioni, anafariki usiku, na msibani kinachosimuliwa ni sindano, si zile wiki mbili za kuumwa kichwa. Aliyeua hapo ni homa ya uti wa mgongo, na kosa la kipimo lilikuwa kuletwa kikiwa kimechelewa.

Kuhusu kupooza, jibu limo katika maumbile yetu. Ugwe wa mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo, kwa mtu mzima huishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Ndiyo maana utamsikia daktari akikupapasa ncha za juu za mifupa ya nyonga, kwa kuwa mstari unaoziunganisha humwonyesha mahali salama. Huko chini kilichobaki ni nyuzi za neva zinazoelea ndani ya maji kama tambi sufuriani, na sindano ikiugusa uzi mmoja, aghalabu uzi husogea. Wanawake wengi wa jiji hili waliojifungua kwa upasuaji walichomwa ganzi ya mgongo sehemu hiyohiyo, nami ni mmoja wao. Mtafute shangazi au jirani aliyepitia hilo, umwombe akusimulie, kwa sababu tofauti kubwa ni kwamba yeye aliingizwa dawa na wewe utatolewa maji.

Maji yenyewe hayaishi. Mtu mzima ana takriban mililita 150, na mwili hutengeneza karibu mililita 500 kila siku. Kiasi kinachochukuliwa kwa ajili ya maabara kwa kawaida hakizidi kijiko kimoja cha mezani, na ndani ya saa moja hivi mwili huwa umekwisha kukirudisha. Wala hiki si kipimo cha kujaribiwa kwako: Heinrich Quincke alikieleza huko Ujerumani mwaka 1891.

Hatua ya pili: uliza kabla ya kutia saini

Fomu ya ridhaa isiwe karatasi ya kusainiwa haraka ili foleni isogee. Uliza wanatafuta nini katika maji hayo, nani atachoma na kama ni mwanafunzi nani atamsimamia, kisha majibu yatatoka lini na nani atakueleza. Nawe useme yako: kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama vile warfarin, kama una tatizo la kutokwa damu, kama ganzi iliwahi kukudhuru, au kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe. Baadhi ya wagonjwa hutakiwa kupigwa kwanza picha ya CT ya kichwa ili kuona kama ni salama kutoa maji, kwa hiyo ukiambiwa hivyo usidhani kuna jambo baya linalofichwa.

Omba pia jambo moja ambalo watu huona haya kuliomba: kwamba uambiwe kila kitu kabla hujaguswa. Katika hospitali moja nisiyoitaja, daktari alimpaka kijana spiriti mgongoni bila kutamka neno. Kijana aliruka, vifaa vilivyokuwa safi vikaguswa, na ikabidi kila kitu kianze upya, naye sasa akiwa anatetemeka mara mbili ya mwanzo. Tangu siku hiyo sikumshika tena mgonjwa ambaye hajasemeshwa.

Hatua ya tatu: fanya mazoezi nyumbani

Hapa ndipo ninapotaka utumie nguvu zako nyingi. Jilaze kwa ubavu ukingoni mwa kitanda, uyalete magoti tumboni, ushushe kidevu kifuani, kisha usukume kiuno kwa nyuma hadi mgongo uwe upinde. Jikunje kama kamba. Namaanisha yule anayeuzwa soko la Feri, si wa kufungia mzigo. Mgongo ukikunjwa hivyo, nafasi kati ya pingili hufunguka na sindano hupata njia, lakini ukinyooka kwa woga nafasi hujifunga na daktari hulazimika kujaribu tena. Kwa hiyo mkao huo ni kazi yako, na hakuna mwingine anayeweza kukufanyia kikamilifu, hata mimi niliyekushika magoti. Nimeona mara nyingi kwamba mtu aliyepewa kazi huwa na nafasi ndogo ya kuogopa.

Ukiwa katika mkao huo, vuta hewa puani kwa hesabu ya nne, kisha itoe mdomoni kwa hesabu ya sita, taratibu, kama unayepoza chai kwenye kisosi. Pumzi inayotoka iwe ndefu kuliko inayoingia, kwa sababu hiyo ndiyo inayotuliza mapigo ya moyo. Fanya dakika tano asubuhi na dakika tano kabla ya kulala. Mtu wa nyumbani akupapase kiuno kwa vidole wakati unapumua, ili mguso wa mgongoni usiwe mgeni siku yenyewe.

Hatua ya nne: siku yenyewe

Kwa kawaida hakuna haja ya kukaa na njaa, kwa hiyo kula na kunywa maji isipokuwa umekatazwa. Ondoka mapema, maana aliyepigana na foleni ya Ubungo tangu alfajiri hufika moyo ukimwenda mbio kabla hajaiona hata glovu. Chukua kanga mbili, moja ya kujifunga na nyingine ya kujifunika, nawe uache wazi kiuno tu. Nenda haja ndogo kabla ya kupanda kitandani. Katika kuchagua wa kukusindikiza, mchague anayejua kunyamaza.

Hatua ya tano: utakachokihisi, kwa mpangilio wake

Kwanza ni vidole vinavyopapasa, kisha ubaridi wa spiriti, ambao huwashtua watu kuliko unavyostahili. Panapotumika ganzi, utahisi mchomo mdogo unaowasha kwa sekunde kadhaa, na kwa wengi hicho ndicho kipande chenye maumivu zaidi. Baada yake kinachobaki ni kusukumwa, kama mtu aliyekukandamiza kidole gumba mgongoni, na mara nyingine mguso wa kitu kilichoachia ghafla. Ukihisi kama umeme umepita mguuni, usiruke. Sema tu ni mguu upi, wa kulia au wa kushoto, na daktari ataisogeza sindano. Maji hayavutwi kwa bomba, bali huachwa yadondoke yenyewe, tone baada ya tone, kwenye vichupa vidogo, na kwa hiyo sehemu ndefu kuliko zote ni ya kusubiri tu. Yakiwa ya kawaida ni meupe kama maji ya kisima kisafi. Shughuli yote, pamoja na maandalizi, mara nyingi huchukua kati ya dakika 15 na nusu saa.

Kabla ya kuanza, kubaliana na aliyekushika neno moja la kusimamisha kazi. Wagonjwa wangu walikuwa wakisema «ngoja». Wengi hawakulitumia kabisa, ila walitulia kwa kujua kwamba wanalo.

Hatua ya sita: baada ya hapo

Pumzika kwa muda utakaoelekezwa. Maumivu ya kichwa yanayozidi ukikaa au kusimama na kupungua ukilala ndiyo kero inayojulikana zaidi, na huweza kuanza siku ya kwanza au siku chache baadaye. Sindano nyembamba na yenye ncha butu hupunguza uwezekano wake. Kunywa maji ya kutosha, chai au kahawa, umeze paracetamol ukiwa umeruhusiwa, na ulale inapouma. Rudi hospitali bila kusubiri ukipata homa mpya, shingo kukakamaa, miguu kufa ganzi au kulegea, mkojo kuziba, majimaji kutoka mahali palipochomwa, au kichwa kisichotaka kutulia.

Maswali niliyoulizwa

Swali: Shikamoo mama. Mdogo wangu anaishi na VVU na amegunduliwa fangasi kwenye uti wa mgongo. Ametolewa maji mara mbili na sasa wanataka mara ya tatu. Ndugu wanasema wanammaliza. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba mwanangu. Fangasi huyo, kriptokokasi, huziba njia ambazo maji hunyonywa, hivyo shinikizo hupanda kichwani, na ndilo linaloleta maumivu makali, kutapika na hata upofu. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kutoa maji si kipimo tu bali ni sehemu ya tiba, sambamba na dawa za fangasi. Muulize mdogo wako mwenyewe kichwa kilikuwaje saa chache baada ya ile mara ya pili, kisha ndugu wasikie jibu kutoka kinywani mwake.

Swali: Mimi nikiona sindano huzimia. Hiyo pumzi ya kisosi itanisaidia?

Jibu: Kuzimia ni tofauti na wasiwasi wa kawaida, kwa sababu shinikizo la damu hushuka ghafla. Ukiwa kwenye benchi la kusubiri, kaza misuli ya mapaja na mikono kwa sekunde 10 hadi 15, legeza, rudia. Kitandani uache, kwa kuwa mgongo unatakiwa ulegee. Mwambie daktari mapema ili ulazwe kwa ubavu badala ya kukalishwa, maana aliyelala ni vigumu zaidi kuzimia, na sindano itakuwa nyuma yako usikoona.

Swali: Jirani ana vidonge vya usingizi. Naweza kumeza kimoja kabla ya kutoka nyumbani?

Jibu: Hapana. Daktari anahitaji kujua kama usingizi ulionao umeletwa na ugonjwa au na kidonge, na baadhi ya vidonge hivyo hupunguza upumuaji. Ukiona huwezi bila dawa ya kutuliza, mwambie, naye ataamua.

Swali: Sista, baba yetu ana miaka 70. Kaka mkubwa anataka tumwambie anapelekwa kuchunguzwa sukari tu, ili asiogope. Mimi sijaridhika.

Jibu: Nami sijaridhika. Mzee atakayegundua akiwa tayari amelazwa kwa ubavu atanyoosha mgongo wake kwa hasira, na fomu itakuwa imetiwa saini kwa hila. Mwambieni kwa adabu, mkiwa mmekaa, mapema kidogo lakini si wiki nzima kabla. Mwambieni pia kwamba wazee wengi wana pingili zilizobanana, kwa hiyo daktari anaweza kumkalisha ameinamia mto mezani badala ya kumlaza. Mto huo mchukue wa nyumbani, anaoujua.

Swali: Mtoto wangu wa miezi mitano atatolewa maji kesho, na nimeambiwa nitoke nje. Nikatae?

Jibu: Omba ubaki, lakini ukijijua kwamba utalia kwa sauti, kaa mlangoni. Waulize kama unaruhusiwa kumnyonyesha muda mfupi kabla. Sindano ikitoka tu, waombe wakupe mtoto palepale, umweke kifuani kabla hata plasta haijabandikwa vizuri.