Kabla hujawasha gari asubuhi, minya paipu ya juu ya rejeta

Wenye SUV zilizokula kilomita nyingi, hii nimeijua juzi tu baada ya yangu (imeshapita 280,000) kuanza kupunguza kulanti (maji ya kupozea injini) bila hata tone chini. Injini ikiwa imelala usiku kucha, kabla hujagusa switchi, fungua boneti uminye ile paipu nene ya juu ya rejeta. Inatakiwa ibonyee kirahisi. Ukikuta ngumu kama mpira uliojazwa upepo, shtuka, maana presha inayoletwa na joto huwa inaisha injini ikipoa, sasa kama bado ipo asubuhi mara nyingi ni gesi ya kwenye silinda imepenya njia ya maji, yaani gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu) inaanza kuachia au hedi ina ufa. Na usifungue mfuniko wa rejeta kwa pupa hapo, weka tambara uzungushe taratibu. Ikiwa imenywea kama imenyonywa, afadhali, anza na mfuniko wa rejeta, huenda valvu yake imeganda na hairudishi maji kutoka chupa ya akiba.

Ila paipu laini sio cheti cha uzima. Mfuniko uliochoka au uvujaji mdogo unaachia presha usiku, na gasketi ikifia upande wa oili hapa huoni kitu. Ukiwa na wasiwasi mwambie fundi apime na ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya moshi.