Una baa au "wines" (duka la pombe ya kubeba) Nairobi? Huisha leseni kabla hujageuka mwombaji mpya

Simu nyingi ninazopokea hazitoki kwa watu wanaotaka kufungua baa. Hutoka kwa wenye baa tayari, Ijumaa jioni, kreti zimepangwa hadi darini na kanjo, yaani askari wa kaunti, wako mlangoni. Karibu wote huanza na maneno yale yale: "Lakini mimi niko hapa miaka na miaka!"

Pole sana, ila kanjo hakuulizi umekaa miaka mingapi. Anauliza karatasi ya leo iko wapi. Ukongwe wa duka lako una nafuu zake kisheria, tena nafuu kubwa, lakini zote zinaning'inia kwenye leseni ambayo haijakatika. Kazi yangu ni kuwasaidia wenye maduka kuishikilia, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Ishushe leseni ukutani uisome

Nasema uishushe kwa sababu wengi hawajaisoma tangu siku walipoibandika. Tazama jina la mwenye leseni, aina ya leseni, mahali palipoandikwa na tarehe ya mwisho. Leseni hudumu mwaka mmoja tu.

Namba ya ploti ndiyo uikazie macho. Mwaka mmoja nilimjazia mteja fomu nikanakili namba kutoka kwenye bili ya maji badala ya leseni yake ya zamani. Bili ilikuwa na namba ya akaunti ya mwenye nyumba, ploti ya nyuma. Mkaguzi alipofika alikuta banda la kuku. Tulipoteza wiki tatu kurekebisha, na kosa lilikuwa langu mimi.

Hatua ya 2: Jua kama unahuisha au unaomba upya

Hapa ndipo mambo yote yalipo, kwa hiyo tusiende mbio.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile tunayoiita ya Mututho kwa sababu ya mbunge wa Naivasha aliyeipeleka bungeni, inaizuia kamati ya leseni kutoa leseni *mpya* ya pombe ya kunywewa papo hapo mpaka iridhike na mambo kadhaa. Je, eneo tayari lina baa za kutosha? Je, leseni hiyo ina faida kwa umma? Na lile linalojulikana na kila mtu: baa iwe angalau mita 300 kutoka shule ya chekechea, msingi, sekondari au taasisi nyingine ya masomo ya walio chini ya miaka 18.

Anayehuisha huulizwa mengine. Kamati ikitaka kumkatalia, hutazama mwenendo wake: bado ni mtu anayefaa, ametimiza masharti ya leseni, anaendesha biashara kwa utaratibu, na jengo liko katika hali nzuri? Kwa maneno mengine, aliye ndani hupimwa kwa tabia, na anayebisha hodi hupimwa kwa futi.

Nilikuwa na mteja Eastlands mwenye baa ndogo ya meza saba. Aliugua, leseni ikaisha, akakaa miezi kadhaa bila kuomba. Katika miezi hiyo chekechea ikafunguliwa kwenye nyumba ya ghorofa upande wa pili wa barabara. Ukisimama mlangoni pa baa unasikia watoto wakiimba. Angekuwa anahuisha, tungekuwa na la kujitetea: baa ilitangulia. Lakini aliporudi alikuwa mwombaji mpya kama mgeni yeyote. Meza aliziuza.

Ukihama jengo, hata kama ni mlango wa nne kutoka ulipo, usidhani leseni inakufuata. Imefungwa na mahali pale. Ukimuuzia mtu biashara, naye haingii kwa leseni yako mpaka kamati ikubali uhamisho. Karatasi ya makubaliano kutoka kwa wakili haitoshi.

Hatua ya 3: Peleka ombi kabla ya tarehe kufika

Sheria ina kifungu kizuri ambacho wenye maduka wengi hawakijui. Ukiwa umeomba kuhuisha, na tarehe ya mwisho ikafika kamati haijaamua, leseni yako ya zamani inaendelea kufanya kazi hadi uamuzi utolewe. Ucheleweshaji wao hauwi hatia yako. Lakini ni lazima uwe na ushahidi kwamba uliomba mapema.

Mimi huanza miezi miwili kabla. Tangu Katiba ya 2010, leseni za pombe ni kazi ya kaunti, na Nairobi ina sheria yake ya mwaka 2014, kwa hiyo ombi lako linakwenda kwa kamati ya kaunti ndogo yako. Lipa kwa mfumo wa kaunti, kamwe si kwenye simu ya mtu "anayejua watu ndani". Chapisha risiti na nakala ya ombi, uziweke pamoja kwenye mfuko wa plastiki.

Hatua ya 4: Jiandae kwa ukaguzi

Kibali cha biashara, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), vyeti vya afya vya wahudumu. Choo kisafi, tena kinachofunga. Tangazo linalokataza kuuzia walio chini ya miaka 18 liwe mahali pa kuonekana. Chupa zote ziwe na stempu ya ushuru. Programu ya Soma Label ya KRA itakuonyesha kama ni halali, na ni heri uzikague wewe kabla hawajazikagua wao. Pombe kali isiwe kwenye chupa ya chini ya mililita 250.

Saa ndizo huwaangusha wengi. Kwa leseni ya kawaida ya baa ni saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu. Mkaguzi akikukuta umefungua saa 4 asubuhi, huo ndio "mwenendo" atakaoupeleka kwenye kamati.

Wengine huniuliza kuhusu umri wa kuuziwa pombe wa miaka 21. Hiyo imo katika sera ya kitaifa iliyotangazwa Julai 2025, na sera si sheria. Sheria ya 2010 inasema 18.

Hatua ya 5: Fika kwenye kikao

Maombi hutangazwa, na wakazi wana haki ya kupinga. Fika mwenyewe au umtume wakili. Kama malalamiko ni kelele, usibishane. Eleza spika umezielekeza wapi na unazizima saa ngapi.

Ukitoka, rudi dukani. Bandika ule mfuko wa plastiki kando ya leseni ya zamani, tarehe ya risiti ikitazama mlango, kisha mwonyeshe kijana wako wa kaunta mahali mfuko huo ulipo. Kanjo huja ukiwa umeenda kununua stoku.