Kabla hujaziingiza alama za SACMEQ au PISA kwenye hesabu zako

Ukilinganisha nchi kwa alama za SACMEQ (mtihani wa shule za msingi kusini na mashariki mwa Afrika) au PISA (mtihani wa kimataifa wa OECD, shirika la nchi ambazo nyingi ni tajiri), anza na lugha ya mtihani. Mimi nilianza na wastani, nikapotea. Nilipokuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu elimu na ukuaji wa uchumi, nilichukua matokeo ya SACMEQ ya 2007, darasa la sita, somo la kusoma: Tanzania Bara 578, Kenya 543. Nikajaza ukurasa mzima kusifu shule zetu. Msimamizi wangu akauliza, "Watoto hao walisoma kwa lugha gani?" Wa kwetu kwa Kiswahili, wa Kenya kwa Kiingereza. Ukurasa ule niliufuta usiku uleule.

Kwa hiyo fungua ripoti ya kitaalamu kabla ya faili la data. Lugha zikitofautiana, fuatilia kwanza nchi moja miaka inavyopita. Tanzania Bara ilikuwa 546 mwaka 2000, lugha ileile. Lakini hata hapo usikimbilie: wa darasa la sita mwaka 2007 wengi waliingia la kwanza 2002, MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) ilipoanza na ada ikaondolewa. Si watoto walewale wa zamani, na kupanda kwa alama huku milango imefunguliwa ni jambo linalostahili utafiti wake.

Kisha tafuta ambao hawakupimwa. PISA hupima wenye miaka 15 walio shuleni tu. Vietnam mwaka 2015 iliwakilisha takriban nusu ya vijana wake wa umri huo, na Shanghai ya 2009 na 2012 ni jiji, si China. Rudia regresheni yako (hesabu inayoonyesha alama zinahusianaje na ukuaji wa uchumi) bila sehemu za namna hiyo. Jibu likibadilika sana, mwambie msomaji wazi.

Usidhani pia kwamba 500 ya SACMEQ ni 500 ya PISA. Ya kwanza ni wastani wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika zilizoshiriki mwaka 2000. Ya pili ilitokana na nchi za OECD. Ukitumia alama za mitihani tofauti ambazo Benki ya Dunia imezioanisha kwenye kipimo kimoja, uliza uoanishaji huo umejengwa juu ya nchi ngapi zilizofanya mtihani wa kikanda na wa kimataifa pia. Botswana, kwa mfano, ilifanya SACMEQ na TIMSS, mtihani wa kimataifa wa hisabati na sayansi. Nchi zikiwa mbili tatu, kosa la moja linabebwa na bara zima.

Siku hizi kwenye majedwali yangu, safu inayofuata jina la nchi ni lugha ya mtihani. Wastani unakuja baadaye.