Kuweka Geany kwenye kompyuta ya mezani

Kompyuta ya mezani niliyomwachia mpwa wangu ina RAM ya gigabaiti 2 tu, na ndani yake kuna Ubuntu, mfumo endeshi wa bure. Alitaka pa kuandikia msimbo wa Python, lugha ya kutengenezea programu. Nikamwekea Geany, programu ya kuandikia msimbo, kwa sababu ni nyepesi, ni ya bure, na haili bando.

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Andika:

sudo apt update

Utaombwa nenosiri. Hapa wengi hushtuka: kwenye matoleo mengi ya Ubuntu unaandika, lakini hakuna herufi wala nyota inayotokea. Kibodi haijafa. Mfumo unaficha tu nenosiri lako, kwa hiyo malizia kuliandika kisha bonyeza Enter. Halafu:

sudo apt install geany

Ukiulizwa kama uendelee, jibu Y. Ikiisha, itafute Geany kwenye menyu ya programu.

Usianze kuandika bado. Ingia View, hakikisha kuna alama kwenye Show Line Numbers. Python ikikuambia kosa liko mstari wa 14, utauona palepale badala ya kuhesabu kwa kidole. Kwenye View hiyohiyo, Change Font hukuza maandishi. Mimi naweka 14, macho yanapumzika.

Hifadhi faili lako kwa jina linaloishia na .py, ndipo maneno ya Python yapate rangi. Kisha bonyeza F5 kuiendesha. Ikigoma kwamba haioni python, fungua Build, Set Build Commands, na kwenye Execute andika python3 mahali pa python.