Jiwe limetoa povu: kabonatiti au marumaru?

Naletewa mawe yamefungwa kwenye gazeti, na kila mwenye jiwe ana neno lile lile: "Kaka, nimelidondoshea asidi limetoa povu, hii ndiyo yenye madini adimu" (metali kama lanthanamu na seriamu). Wengi ni wachimbaji wadogo wa Ruangwa na Nachingwea waliosikia habari za Ngualla kule Songwe na Panda Hill ya Mbeya. Huko kweli kuna kabonatiti, mwamba unaoweza kubeba madini hayo: umetokana na magma (mwamba ulioyeyuka ardhini), na zaidi ya nusu yake ni madini ya kaboneti, yale yanayotoa povu kwenye asidi. Lakini hata mawe ya matumbawe ya pwani yetu ya Lindi yanatoa povu.

Hatua ya 1. Vunja kwanza. Ngozi ya jiwe hudanganya, maana chokaa ya udongo huigandia.

Hatua ya 2. Dondoshea asidi hidrokloriki iliyozimuliwa. Kalisaiti, kaboneti ya kalisi, huchemka papo hapo. Dolomaiti, kaboneti yenye magnesi pia, haichemki vizuri hadi uisage unga. Siki nayo inafaa, ila uwe na subira. Maji ya betri (asidi ya salfuriki) niachieni huko! Mbali na kuunguza macho, yanaifunika kalisaiti kwa utando wa jasi na povu linakatika, nawe unaondoka na jibu la uongo.

Hatua ya 3. Hapa tulia na lenzi. Tazama kaboneti imekaa na nani. Marumaru ya kwetu ni chokaa ya bahari ya kale iliyopikwa na kukandamizwa pamoja na naisi (mwamba wenye mistari ya madini meupe na meusi) zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ukiona vipande vya kinywe (madini meusi ya penseli) vinavyokuchafua vidole, mimi huwa nakata tamaa mapema: hiyo ni marumaru. Kabonatiti hupenda kuwa na magnetiti, madini ya chuma (pitisha sumaku kwenye unga), apatiti, madini ya fosfeti, na wakati mwingine pairoklori, madini yenye metali ya niobi. Ulanga (madini ya vigamba vinavyong'aa) usikubabaishe, uko kote kuwili. Ukikuta nefelini, madini yanayofanana na kwatzi, changamka, huenda ni dalili ya kabonatiti: hutoka kwenye magma yenye silika kidogo na haikai pamoja na kwatzi.

Usilinganishe na picha za Oldoinyo Lengai za kwenye simu. Lava yake ni ya kaboneti ya sodiamu, hutoka kwenye nyuzi joto 500 hadi 600 hivi, nyeusi, kisha hupauka ikawa nyeupe kwa muda mfupi. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo.

Hatua ya 4. Zunguka eneo zima kwa miguu. Marumaru hufuata mkanda, sambamba na matabaka ya naisi. Kabonatiti mara nyingi hupanda kama bomba au nguzo, na miamba ya kandokando hugeuzwa: kwatzi hupungua, feldspari na madini ya sodiamu ya kijani au buluu huongezeka. Mwamba huo uliogeuzwa huitwa feniti. Kama naisi ya pembeni haijageuzwa, nina mashaka kama ni kabonatiti.

Hatua ya 5. Yakibaki maswali, ndipo utoe hela ya maabara. Omba wapime strontiamu, bariamu, niobi, lanthanamu na seriamu. Kabonatiti kwa kawaida huwa nazo nyingi kuliko marumaru. Chukua vipande kadhaa vya ukubwa wa ngumi, kila kimoja na mfuko wake na namba za GPS. Usiokote vile vinavyong'aa tu.