Somo: Kununua Porto ya Vintage kwa bei ya maana, ya kuweka na ya kunywa

Somo hili linawafaa zaidi walioko Uingereza, maana huko ndiko Porto ya zamani ilikolundikana na ndiko minada yake iliko. Porto ni mvinyo mtamu uliotiwa pombe kali. Inatengenezwa Ureno, kwenye bonde la mto Douro, lakini Waingereza ndio waliokuwa wakiichukua kwa mapipa tangu karne ya 18, na mpaka leo mzigo wa miaka ya 1960 hadi 1980 unazunguka kwao kutoka mkono hadi mkono. Walioko kwingine wasome pia. Maswali yao yako chini.

Shika hili kwanza. Porto ya Vintage ni kati ya mvinyo michache ambayo chupa iliyokomaa, ya miaka 30 na ushei, mara nyingi hupatikana kwa bei ileile ya chupa mpya ya kampuni hiyohiyo, au chini yake. Aliyeinunua ikiwa mpya ndiye aliyelipia ghala miaka yote hiyo, na warithi wake wanauza kwa sababu nyumbani hakuna anayeinywa. Kwa hiyo anayetafuta nafuu anaanza na za zamani mnadani. Mpya ya dukani ina sababu moja tu nzuri: mtoto aliyezaliwa mwaka huo.

Hatua ya 1: Soma lebo vizuri

Porto yote huanza kwa namna moja: zabibu zikiwa bado zinachacha hutiwa pombe kali ya zabibu ya asilimia 77, takribani lita 115 kwa lita 435 za maji ya zabibu, mchacho unakatika na sukari inabaki. Ndiyo maana ni tamu na ina kileo cha asilimia 19 hadi 22. Kinachozitofautisha ni maisha ya baada ya hapo.

Vintage ni ya mavuno ya mwaka mmoja, imepitishwa na taasisi ya serikali ya Ureno, IVDP, na kutiwa chupani ikiwa na miaka miwili hadi mitatu bila kuchujwa. Inakomaa ndani ya chupa, na huko ndiko inakoacha mashapo. Late Bottled Vintage, yaani LBV, hukaa ghalani miaka 4 hadi 6 kabla ya kutiwa chupani. Nyingi zimechujwa na hazina cha kungojea. Colheita nayo ina mwaka kwenye lebo, lakini ni Tawny, yaani Porto ya rangi ya kahawia iliyozeekea kwenye pipa, miaka isiyopungua 7. Ni nzuri, ila ni kitu kingine kabisa.

Makosa ya wanunuzi wengi huanzia hapa. Muuzaji wa mtandaoni anaandika "vintage 1996" kwa herufi kubwa, kumbe picha inaonyesha LBV. Kuza picha ya lebo kabla ya kutoa senti.

Hatua ya 2: Chagua mwaka na jina

Kampuni hazitoi Vintage yao kuu kila mwaka. Hutangaza mwaka pale mavuno yanaporidhisha, kama mara tatu kwa miaka kumi. Miaka iliyotangazwa na wengi ni 1963, 1966, 1970, 1975, 1977, 1980, 1983, 1985, 1994, 1997, 2000, 2003, 2007, 2011, 2016 na 2017. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waligawanyika: Graham, Dow na Warre walitangaza 1991, Taylor na Fonseca wakachukua 1992.

Nafuu iko sehemu tatu.

Ya kwanza ni mwaka 1980. Ulibanwa kati ya 1977 iliyosifiwa sana na miaka iliyofuata, na bei yake haijawahi kupona. Graham na Dow za mwaka huo zinanyweka vizuri sana. Mwaka 1983 nao bado una nafuu. Mwaka 1975 uache: ulikuwa mwepesi tangu mwanzo na wakati wake umepita.

Ya pili ni majina ya daraja la kati. Smith Woodhouse, Gould Campbell na Quarles Harris hazina sauti ya Taylor wala Fonseca, na mnadani hazigombewi. Smith Woodhouse 1977 na Gould Campbell 1977 zimewaumbua wengi waliolipa mara mbili kwa jina kubwa.

Ya tatu, na ndiyo tunayoipenda zaidi, ni Vintage ya shamba moja. Mwaka ambao haukutangazwa, kampuni huchukua mavuno ya shamba lake bora na kuyauza kwa jina la shamba: Graham ana Quinta dos Malvedos, Taylor ana Quinta de Vargellas, Dow ana Quinta do Bomfim, Warre ana Quinta da Cavadinha. Fonseca hutumia jina Guimaraens. Ni Vintage kamili kisheria, hukomaa mapema kidogo, miaka 15 hadi 25, na bei yake iko chini kabisa ya ile kuu. Tahadhari moja: Quinta do Noval Nacional, ya mizabibu isiyopandikizwa juu ya mizizi ya aina nyingine, ni habari nyingine. Bei yake ni ya matajiri.

Hatua ya 3: Kagua chupa

Omba picha za chupa moja moja, siyo kasha lililofungwa. Tazama kina kwanza. Chupa ya miaka 40 ikiwa na mvinyo hadi shingoni, au mwisho wa shingo pale bega linapoanzia, iko salama. Ikishuka hadi begani juu, punguza bei. Katikati ya bega, iache, hewa imeshaingia.

Kisha kizibo na kifuniko cha juu. Mchirizi mkavu wa rangi ya kahawia chini ya kifuniko, au kifuniko kilichoganda kisizunguke, maana yake mvinyo umevuja. Kizibo kilichojisukuma juu maana yake chupa ilikaa kwenye joto, na mvinyo uliopikwa haurudi. Lebo chafu au iliyoliwa na ukungu isikutishe. Ni dalili ya ghala lenye unyevu, na hicho ndicho kizibo kinachotaka. Tena hushusha bei. Ukiona doa la chokaa nyeupe ubavuni, usilisugue: ni alama ya upande uliokuwa juu chupa ikiwa imelazwa.

Kwa miaka ya kabla ya 1975 utakuta chupa zilizotiwa mvinyo Uingereza na wafanyabiashara wa huko, kwa kuwa ilikuwa ruhusa. Nyingi ni nzuri na huuzwa chini kidogo ya zile zilizotiwa Ureno.

Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya kupiga bei

Hapa ndipo watu wanapoumia. Bei ya nyundo, yaani bei ambayo mnada umefungwa nayo, siyo bei utakayolipa. Chukua kasha la chupa 12, nyundo imeanguka kwa pauni 400, na kamisheni ambayo mnunuzi anaulipa mnada ni asilimia 20:

Kamisheni ni pauni 80, na VAT ya asilimia 20 juu ya kamisheni ni pauni 16. Jumla 496, yaani pauni 41.33 kwa chupa. Hiyo ni kama mzigo umeshalipiwa ushuru.

Kama mzigo uko kwenye ghala la forodha, ushuru haujalipwa. Tangu Agosti 2023 Uingereza inatoza kwa kiasi cha kileo. Kwa mfano, kwa kiwango kilichoanza Februari 2025, pauni 29.54 kwa lita ya kileo halisi, chupa ya mililita 750 yenye asilimia 20 ilidaiwa pauni 4.43, kasha zima 53.16. Halafu VAT juu ya nyundo pamoja na ushuru: asilimia 20 ya 453.16 ni 90.63. Ukijumlisha ushuru na VAT hiyo na zile 496 unapata 639.79, sawa na pauni 53.32 kwa chupa. Nyundo ni ileile, tofauti ni pauni 12 kwa kila chupa. Usafiri bado.

Kwa hiyo andika kikomo chako ukiwa umeshaingiza kila kitu, na ukifika hapo nyamaza. Porto haiadimiki; kasha kama hilo litarudi.

Hatua ya 5: Wapi na lini

Minada ya mvinyo ina orodha sahihi na wateja wanaojua. Minada ya kawaida ya mikoani, inayouza makabati na zulia za marehemu, ndiko chupa tatu za 1970 zinakotupwa kwenye fungu moja na konyaki isiyo na jina. Mafungu mchanganyiko na yenye idadi ya ajabu, chupa 5 au 7, hayapendwi na wanaonunua kama uwekezaji. Kuelekea Krismasi kila Mwingereza anakumbuka Porto. Nunua wakati wa kiangazi chao. Chupa nusu, za mililita 375, hukomaa haraka zaidi na mara nyingi hazina mgombeaji.

Hatua ya 6: Kuweka na kufungua

Laza chupa gizani, nyuzi 12 hadi 14, unyevu wa asilimia 60 hadi 75, mahali pasipotikisika. Mpya hunyweka kwa matunda yake mpaka kama miaka mitano, kisha hujifunga na kuwa bubu, na huamka vizuri ikikaribia miaka 20. Nzuri sana hufika 50 na kupita.

Siku ya kunywa, isimamishe saa 24 hadi 48 kabla, mashapo yashuke. Kizibo cha miaka 40 huvunjika. Tumia kifungulio chenye vyuma viwili bapa vinavyopita pembeni ya kizibo, ukivisukuma kwa kupokezana, kisha zungusha huku ukivuta. Kikivunjika, usihangaike: vipande vitabaki kwenye kitambaa. Weka faneli juu ya jagi la kioo, tandika kitambaa cha melimeli kilichooshwa kwa maji matupu bila sabuni, washa tochi nyuma ya shingo ya chupa, na mimina kwa mkono mmoja bila kusita. Ukiona uzi mweusi unaingia shingoni, simama. Kitakachobaki, mililita 50 hadi 80, ni matope.

Ya chini ya miaka 15 ipe saa 6 na zaidi kwenye jagi, ya miaka 20 hadi 30 saa 3 au 4, ya zaidi ya 40 saa moja au mbili. Nywa ikiwa nyuzi 16 hadi 18, na iliyozeeka sana imalize ndani ya siku mbili.

Maswali ya wanachama

Swali (Leicester): Wakuu, nimepata chupa 6 hazina lebo hata moja, muuzaji anasema ni Warre 1983. Nitajuaje?

Jibu: Kizibo huchapwa jina na mwaka. Kata kifuniko kidogo ubavuni, mulika tochi kali kupitia kioo cha shingo, mara nyingi maandishi yanasomeka bila kufungua. Juu ya kifuniko pia huwa na jina limebonyezwa. Usiposoma kitu, lipa bei ya chupa isiyojulikana.

Swali (Dar es Salaam): Shikamooni walimu. Nikija nazo nyumbani, friji ya jikoni inatosha?

Jibu: Marahaba. Kwa miezi michache inatosha, kwa miaka haitoshi: hewa yake kavu hukausha kizibo na mota hutikisa mashapo. Nje ya friji, kwenye nyuzi 30, kizibo kitasukumwa juu. Lipia ghala Uingereza na uje na chupa mbili kila safari. Kwenye begi la kupakia hakuna shida ya usalama wa ndege, kwani kikomo cha lita 5 kinahusu vinywaji vya zaidi ya asilimia 24. Ushuru wa forodha ulizia kabla. Ukifika, isimamishe wiki mbili kabla ya kufungua.

Swali (Nairobi): Duka la hapa lina Cape Vintage kutoka Calitzdorp. Ni Porto au siyo?

Jibu: Ni ya Afrika Kusini, na kwa makubaliano na Umoja wa Ulaya hawatumii tena jina la Porto. Utengenezaji ni uleule, na wa Calitzdorp kama Boplaas na De Krans wanatumia pia zabibu za Kireno. Kwa bei yake tungeinunua bila kusita, ila inyweni mapema, isingoje miaka 30.

Swali (Brussels): Binti yetu ni wa 2012, mwaka haukutangazwa. Tumekosa?

Jibu: Hamjakosa, dada. Tafuteni za shamba moja, mfano Malvedos au Vargellas 2012. Akifikisha miaka 21 zitakuwa zimefika pazuri.

Swali (Reading): Nilifungua ya 1970, ikanuka rangi ya kucha. Nimwage?

Jibu: Usimwage. Harufu hiyo hutokea kwenye chupa za zamani na mara nyingi hupotea ndani ya saa moja kwenye jagi. Ikigeuka siki, basi imekufa. Ikinuka boksi lililoloa, kizibo ndicho kimeiharibu, na hiyo haiondoki. Duka zuri litakurudishia pesa. Mnada kwa kawaida hapana.

Swali (Birmingham): Tuna shughuli ya watu 40, chupa ngapi?

Jibu: Ukitoa mashapo unabaki na kama mililita 680, sawa na glasi 11 za mililita 60. Chupa nne zitatoa 44. Nunua tano, maana kwenye chupa tano za zamani moja yenye kasoro siyo ajabu.